Punje Haikumbuki: Mwalimu Mwanaisha na Kosa la Zamu

Tarehe 30 Juni 2009, Mwalimu Mwanaisha Hamisi Shekiondo anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kuwatumikia watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita. Kati ya hiyo, ishirini na miwili ameimalizia hapa hapa Shule ya Sekondari Kwemihondo. Amefundisha hisabati, amekuwa mwalimu wa taaluma, mlezi wa bweni la wasichana, na kwa kipindi kirefu kuliko mtu mwingine yeyote, mshika ufunguo wa kabati la chai. Ufunguo huo aliukabidhi mapema mwezi huu. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, sukari ya walimu imekwisha kabla ya tarehe ishirini.

Nimepewa kazi hii mimi, Severin Komba, mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa wachuma chai wa Kwamkoro, kwa sababu meza yangu imepakana na ya kwake miaka yote hiyo, na kila alichoandika kwa Kiswahili kimepita kwanza chini ya kalamu yangu nyekundu. Mhariri wa jarida la sherehe ya kumuaga ameniagiza niwe mfupi, nisipige chuku, wala nisiweke mazungumzo ya watu. Kuhusu chuku nitajitahidi. Kuhusu mazungumzo, anisamehe tu, maana huwezi kumweleza Mwanaisha bila kumweleza mama yake, na mama yake ni mtu wa maneno machache ambayo ukiyaacha nje hubaki na tarehe tupu.

Alizaliwa Mtae mwaka 1949, kule juu ukingoni kabisa, ambako ukimwaga maji ya kunawia unakuwa umewanyeshea watu wa Mkomazi. (Hiyo si chuku, nendeni mkaone.) Ni mtoto wa tano wa Mzee Hamisi Shekiondo, mkulima, na mkewe Bi Mwajuma. Wanne waliomtangulia walikuwa wasichana. Akiwa bado tumboni, Mtae nzima ilishakubaliana kwamba sasa zamu ya mvulana imefika, maana haiwezekani wanne wafuatane hivyo halafu na wa tano awe vile vile. Hata jina la kiume lilikuwa tayari. Akatoka Mwanaisha.

Mzee Hamisi hakugomba wala hakumnyooshea mtu kidole. Baada ya mwaka mmoja akaoa mke wa pili, na mke mdogo akajifungua mvulana kwa mimba ya kwanza. Huyo ndiye Sharifu. Hapo maneno yakaanza. Mmeona? Zamu ilikuwa ya mke mkubwa, akaipoteza, ikaenda kwa mwenzake! Watu wakaanza kutafuta alichokosea, huyu akisema alikula kisicholiwa, yule akisema alipita pasipopitwa. Bi Mwajuma hakubishana na yeyote, kwa kuwa mwenyewe aliamini. Alimpokea Sharifu mikononi, akamlea kama wa tumbo lake, na kwa karibu miaka sitini akaishi akijua kwamba kuna kitu alikabidhiwa na yeye akakidondosha.

Haya nimeyatanguliza kwa ruhusa yao wenyewe, ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba hesabu nitakazozisimulia hapa chini zilikuwa na mtu zinayemtafuta.

Mwanaisha alianza kazi Julai 1973 katika shule ya msingi kule Magoma. Binti wa Mtae alishuka bondeni na sweta mbili, na inasemekana wiki ya kwanza alizivaa zote kwa aibu ya kuonekana hajui joto. Wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Baridi. Alifundisha sehemu kwa kutumia machungwa, robo na nusu na theluthi, mpaka wazazi wakalalamika kwamba watoto wanafaulu hisabati ila wanarudi nyumbani na mashati yananata. Aliendelea kujisomea, akapata stashahada, na mwaka 1987 akapandishwa huku kwetu, sweta zikapata kazi yake.

Wakati huo ndio ruksa ya kufanya biashara ilikuwa imeanza kukolea. Sabuni zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, na kila mtumishi mwenye akili timamu ana mradi. Mwenzetu mmoja alifuga kuku wa mayai, mwingine alipeleka matunda Dar es Salaam, mimi nilifuga sungura, wakafa wote kwa wiki moja, naomba tusiliongelee zaidi. Tulimuuliza sana Mwanaisha mradi wake ni upi. Alikuwa anajibu kwamba bado anaufikiria. Aliufikiria karibu miaka ishirini, kisha akachagua ambao hauna hata senti ya faida.

Kabla ya huo, lazima nieleze desturi yetu ya punje, maana wageni wa leo wataisikia ikitajwa na kudhani tumelewa. Hapa Kwemihondo, mwalimu mmoja hubaki likizo nzima ya Desemba kuilinda shule, na huyo hapangwi na mkuu. Punje za mahindi meupe zinatiwa ndani ya kofia, katikati yake moja nyekundu, na kila mmoja anatumbukiza mkono bila kuchungulia. Atakayetoka na nyekundu, Krismasi yake ni hapa, yeye na mbwa wa mlinzi.

Mwalimu Ulimboka wa jiografia, kwao Tukuyu, alitoka na nyekundu miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne aliweka mikono mfukoni. Alisema zamu zake amemaliza na hata punje ina haya. Ofisi nzima ikaitikia, ni kweli, ni kweli, mwenzetu ametumikia, haiwezi kumwangukia tena. Mwanaisha peke yake ndiye aliyeweka kikombe chini. Alisema kama tunamhurumia Ulimboka, basi tumwache aende kwa huruma, na tuseme wazi kuwa ni huruma, lakini tusiisingizie punje. Punje haikumbuki. Mwaka jana haikuwapo, ilikuwa shambani kwa mtu, haimjui Ulimboka wala Tukuyu haijafika.

Ulimboka ana kiburi kidogo, naye yupo hapa leo anasoma, na anajua nasema kweli. Neno huruma lilimchoma. Akatoa mkono mfukoni, akautumbukiza kwenye kofia, akatoka na nyekundu. Jamani! Zilipigwa kelele hata wapishi wakaacha maharage motoni wakaja mbio. Mwanaisha hakucheka. Aliichukua ile punje kiganjani mwa mwenzake, akasema atabaki yeye, Ulimboka aende akamsalimie mama yake. Ulimboka akaenda, na Januari akarudi na mchele wa Kyela tulioula walimu wote, pamoja na wale waliokuwa wamecheka zaidi.

Basi, tuje kwenye mradi. Mwaka 2005 Rubeni, yule aliyekuwa anauza viatu vya mitumba karibu na soko la Lushoto, aliacha viatu akafungua chumba cha intaneti chenye kompyuta chache zilizochoka. Mwanaisha alikwenda kutafuta mitihani ya zamani. Badala yake akakutana na kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia, na akagundua kuna upande wa Kiswahili. Jumatatu aliingia ofisini hata salamu hajamaliza.

"Severin, hawana kitu! Twiga wanaye, wachezaji wa mpira wanao tele, uwezekano hawana. Hata mstari mmoja."

Nilimwambia kwamba watu wameishi bila huo mstari tangu Adamu. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyegawanya kwa sifuri. Yeye alikuwa na jambo lake. Kwa miaka mingi alikuwa amewaona vijana wa kidato cha tatu wakikariri fasili ya uwezekano kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kujua wameshika nini. Ndipo alipokuwa akirudishia mlango na kuwaeleza kwa Kiswahili, kinyume cha kanuni, na macho yao yanafunguka. Alitaka ule mlango usirudishiwe tena.

Kazi ilikwenda hivi. Katikati ya wiki aliandika kwa mkono mezani pake, akanisogezea. Mimi nikamwaga wino mwekundu, tukagombana. Yeye anataka sentensi moja ibebe kila kitu, mimi nataka msomaji apumue. Jumamosi anateremka kwa Rubeni kuiingiza. Umeme wa kwetu mnaujua, ukikatika hujahifadhi, asubuhi yote imekwenda. Rubeni alijifunza kuangalia taa, na ikipepesa kidogo tu anapiga ukelele: "Mwalimu, hifadhi!" Wateja wengine nao wakawa wanahifadhi kwa hofu, hata wasio na cha kuhifadhi.

Makala fupi zinazoanza huko mtandaoni huitwa mbegu, na jina hilo lilimfurahisha sana, kwa kuwa ni mtoto wa mkulima. Alipanda uwezekano, akapanda tukio, matukio huru, wastani, dadu, sheria ya namba kubwa. Mifano yake aliitoa hapa hapa: kikapu cha matunda yenye machache yaliyooza, sarafu yenye kichwa na mwenge, vichaka vya chai vilivyopatwa na ugonjwa. Mfano mmoja tu niliukataa katakata. Alitaka msomaji akokotoe uwezekano wa basi la Mtae kufika kabla ya magharibi, nikamwambia hilo si swali la uwezekano, jibu lake ni sifuri na kila mtu analijua.

Sikukuu ya Idi ya mwaka 2007 alipanda kwao akiwa amejiandaa. Alimkalisha mama yake, akamwaga punje kwenye ungo, akamweleza pole pole kwa Kishambaa kwamba wasichana wanne hawaleti deni la mvulana. Kila mimba inahesabiwa upya, kana kwamba hakuna iliyotangulia, na kwa hiyo hapakuwa na zamu ya mtu, wala hapakuwa na aliyeipoteza. Bi Mwajuma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwanawe maneno ambayo Mwanaisha alirudi nayo shuleni.

"Wewe ni wa kwangu, utanitetea tu. Mtoto hawi shahidi wa mama yake. Ingekuwa kweli, ingekuwa imeandikwa na watu."

Mwalimu Eliaichi wa biolojia alipolisikia hilo alitoa dawa ya haraka: amwambie bibi kwamba jinsi ya mtoto inatoka kwa baba, kitabu kipo, amalize kesi. Mwanaisha alikataa. Alisema hataki kumtua mama mzigo amtwishe baba, tena baba aliye kaburini. Anataka mzigo uwekwe chini, basi, usibebwe na mtu. Nakiri nilimpenda sana dada yangu huyu siku ile, na sioni aibu kuliandika.

Ndipo akaiandika makala aliyoiita Kosa la Zamu. Ni lile kosa la kudhani kwamba jambo la nasibu likitokea mara nyingi mfululizo, basi zamu ya kinyume chake imefika. Aliweka sarafu, akaweka kofia yetu na punje (Ulimboka hakutajwa jina, alitajwa kama "mwalimu mmoja mwenye bahati yake"), na mwishoni akaweka mama mmoja wa Mtae aliyezaa wasichana watano. Kati ya zote alizoandika, ile ndiyo kalamu yangu ilipita bila kugusa.

Haikumaliza mwezi. Jumamosi moja aliifungua, akakuta kibandiko juu yake: makala hii inapendekezwa ifutwe. Mchangiaji mmoja wa mbali, anayejulikana kwa jina la bandia tu, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba hakuna hata chanzo kimoja kilichotajwa, na kwamba yule mama wa milimani ni kisa cha nyumbani kwa mtu, si elimu. Mwandishi akishindwa kurekebisha, makala itaondolewa.

Niliwaka. Mwenzangu, niliwaka hasa. Nilimwandikia jibu la ukurasa mzima, Kiswahili kilichonyooka, lenye methali mbili na tusi moja lililofunikwa vizuri. Mwanaisha alilisoma, akalikunja, akaliweka mfukoni. Akasema yule mtu ana haki. Angekuwa yeye anasahihisha, mwanafunzi akatoa jibu bila kuonyesha njia, naye angekata alama. Halafu akasema jambo ambalo sikulifikiria: makala yenye mama yake ndani yake ilikuwa bado ni mtoto anayemtetea mama, ila safari hii kwa kompyuta.

Alimwandikia Pendo, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam. Pendo akaingia maktaba, akamtumia majina ya vitabu na kurasa zake. Vyanzo vikawekwa kimoja kimoja. Kisha Mwanaisha akaja kwenye aya ya mwisho, ile ya mama yake. Rubeni anasimulia kwamba Mwalimu alikaa mbele ya aya ile mpaka yeye akapunguza redio, akidhani labda kelele ndizo zinamsumbua. Mwishowe akamfuta mama yake. Kibandiko kikaondolewa, makala ikapona, na sisi tukarudi kwenye wastani na dadu. Hakulizungumza tena, nami sikumchokonoa. Ila Idi iliyofuata hakubeba ungo wala punje. Alibeba sukari na kanga, kama binti mwingine yeyote.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, aliifungua ile makala kuangalia tu kama kuna aliyeichezea, akakuta imeongezwa aya mwishoni. Mwandishi wa aya hiyo alikuwa yule yule aliyetaka makala ifutwe. Aliandika kwamba kosa hili huonekana pia majumbani. Katika jamii nyingi za dunia, familia iliyopata watoto wa jinsi moja mfululizo huamini kuwa zamu ya jinsi nyingine imefika, na isipofika mama hulaumiwa. Lakini mimba haina kumbukumbu ya zilizoitangulia, na lawama hiyo haina msingi. Chini yake ameweka vitabu viwili, na kurasa.

Rubeni anasema Mwalimu alijiziba mdomo kwa mkono, naye akadhani amepata habari ya msiba. Akakimbia kumletea maji. Alichoambiwa ni achape ukurasa ule. Wino mweusi ulikuwa umekwisha, ukachapwa kwa bluu.

Alipoipeleka karatasi hiyo Mtae nilikwenda naye, maana nilitaka kujionea. Kuhusu njia nitanyamaza, mifupa yangu bado inaikumbuka. Tulimkuta Bi Mwajuma kibarazani anapukuchua maharage, na uani Sharifu, mzee mwenye mvi sasa, anampasulia kuni. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akauliza habari za mvua za kwetu. Mwanaisha akatoa karatasi. Bi Mwajuma Kiingereza hakijui hata neno, lakini Kiswahili amekisikia maisha yake yote, sokoni na msikitini na redioni, na pale nilielewa kwa nini rafiki yangu alipoteza Jumamosi zake zote. Ukurasa ule ungekuwa kwa lugha ya vitabu vyetu vya sekondari, usingevuka kizingiti cha nyumba ile.

Mwanaisha akamsomea aya ya mwisho taratibu. Mikono ya bibi ikaacha maharage.

"Hiyo umeandika wewe."

"Hapana, mama. Ya juu ni yangu. Hii si yangu."

"Ya nani?"

"Simjui. Hatujawahi kuonana. Hajui kama wewe upo."

Bi Mwajuma akamgeukia Sharifu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba naye amesikia. Sharifu alikuwa ameshaliweka shoka chini. Bibi akaomba asomewe tena. Akasomewa. Kisha akanyoosha kidole kuelekea migombani, ambako Mzee Hamisi amelazwa.

"Nenda kamsomee na baba yako. Msomee pole pole, hakuwa mtu wa haraka."

Wakaenda Mwanaisha na Sharifu, ndugu wawili. Sauti ilitufikia pale kibarazani ikisoma habari za sarafu na punje na mimba isiyo na kumbukumbu, mpaka na zile namba za kurasa, hakuruka kitu. Mimi nilibaki na bibi, nikamsaidia maharage. Alikuwa analia, na alikuwa anaendelea kupukuchua. Mimi nililia zaidi yake, akaniambia nisubiri kidogo, chai inakuja.

Nimeulizwa na waandaaji niorodheshe mafanikio ya mstaafu. Wapo wahandisi aliowafundisha, wapo wahasibu, yupo Pendo mwenyewe ambaye sasa anafundisha hisabati. Zipo makala zake mtandaoni, zinazosomwa na watu ambao hata mmoja wao hatatutumia salamu. Nyingi zimeshahaririwa na wengine hadi maneno yake mwenyewe ni machache ndani yake, naye anasema hivyo ndivyo shamba linavyotakiwa kuwa. Ofisi imepata kompyuta moja mwaka huu, na tumekubaliana kwamba ataingia kuitumia siku yoyote apendayo, mradi na ule ufunguo wa kabati aurudishe shingoni pake, maana hali ya sukari ni mbaya.

Mwezi uliopita, mke wa Hamisi, mtoto wa kiume wa Sharifu aliyepewa jina la babu yake, amejifungua mtoto wa kike, na ni wa nne. Wanawake wa Mtae walikwenda kumpongeza kama ilivyo ada, na mmoja akaanza ule wimbo wa zamani, kwamba asivunjike moyo, anayefuata sasa ni zamu ya mvulana. Sharifu ndiye aliyenisimulia. Anasema bibi, ambaye siku hizi hasikii vizuri, hilo alilisikia. Aliinua kichwa pale kitandani alipokuwa amempakata kitukuu chake, akamuuliza yule aliyeanza wimbo:

"Nani kakuambia watoto wanapanga foleni? Keti nikueleze."

Akamweleza. Kwa punje, kwenye ungo.

Dada Mwanaisha, asante kwa wanafunzi, asante kwa Jumamosi, asante kwa Desemba uliyobaki badala ya mwenzako. Bi Mwajuma ameketi mstari wa mbele leo, na wageni wote tunaomba mkamwamkie. Tunakutakia pumziko lenye afya, mvua kwa wakati wake, umeme usiokatika kabla hujahifadhi, na siku nyingi njema, kila moja ikihesabiwa upya.